Faiba Iliyokuwa Dishi: Uchambuzi wa Kisa cha Intaneti ya Nyumba Moja Kimara

Mwanzoni mwa masika yaliyopita niliitwa nyumbani kwa mwalimu mstaafu anayeishi Kimara, Dar es Salaam, upande ule ambao nyumba zimekaa kwenye miteremko na bonde linapita katikati. Lalamiko lake lilikuwa fupi: faiba, yaani intaneti inayoletwa kwa mwanga ndani ya uzi wa kioo, inakatika mvua ikinyesha, na siku nyingine inakatika jioni hata kama hakuna mvua, saa hiyo hiyo ambayo huzungumza kwa video na binti yake aliyeko Muscat. Alikuwa ameshapiga simu huduma kwa wateja mara nne. Kila mara aliulizwa kama taa iliyoandikwa LOS, ile ya onyo kwenye vifaa vya faiba, inawaka nyekundu kwenye kifaa chake, na kila mara alijibu kwamba haioni. Aliyempokea alilichukua jibu hilo kuwa taa ipo ila haiwaki, akaamini laini ni nzima, akamwelekeza azime kifaa, ahesabu hadi thelathini, akiwashe tena. Mwalimu alihesabu, kwa uaminifu wa mtu aliyefundisha hesabu miaka mingi, na tatizo likabaki pale pale. Taa hiyo haikuonekana kwa sababu haikuwepo, wala kifaa chake hakikutengenezwa kiwe nayo.

Nimekiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu swali la kujua intaneti ya nyumbani ni ya aina gani huonekana dogo, na watu wengi hulijibu kwa kusoma jina lililo kwenye risiti. Ilhali maswali yote ya fundi, na hata yale ya kwenye simu, yanategemea jibu la swali hilo moja. Ukilikosea, kila hatua inayofuata inatibu ugonjwa wa mtu mwingine.

Nilipofika nilimsalimia, shikamoo Mwalimu, akaitikia marahaba mwanangu, na kabla sijakaa akanionyesha ushahidi wake. Ulikuwa wa aina nne. Kwanza, risiti ya kila mwezi iliandikwa jina la kifurushi lenye neno faiba ndani yake. Pili, jina la waifai lenyewe liliishia na neno hilo hilo. Tatu, kipimo cha kasi kwenye simu kilitoa megabiti 20 kwa sekunde, jambo ambalo mjukuu wake alimhakikishia kwamba haliwezekani bila faiba. Nne, na huu ndio uliokuwa mzito, alinitoa nje akanionyesha waya mweusi mwembamba, bapa, uliotundikwa ukutani chini ya paa, umeviringwa mara kadhaa, na kwenye ncha yake kuna kichwa kidogo cha plastiki ya kijani. Hiyo kweli ilikuwa faiba. Sikuwa na ubishi nayo hata kidogo. Waya wa aina hiyo hubeba ndani yake uzi wa kioo wenye unene wa maikromita 125, kiasi cha unywele, na pembeni yake una waya wa chuma wa kuuwezesha kuning'inia kutoka nguzo hadi nguzo. Kichwa cha kijani nacho ni cha kawaida kabisa katika faiba za majumbani, na hutofautiana na cha bluu kwa namna ncha ya kioo ilivyokatwa: ile ya kijani hukatwa kwa mshazari ili mwanga usirudi ulikotoka.

Lakini kichwa kile kilikuwa kinaning'inia hewani, hakijachomekwa popote, kimefunikwa kofia yake ya kuzuia vumbi, na juu yake buibui ameshajenga. Mtu akiwa na faiba inayofanya kazi, kichwa hicho lazima kiwe kimezama kwenye kifaa. Hapo tayari nilikuwa na jibu nusu, ila sikumwambia. Nilimwomba turudi ndani tuanze pale ambapo uchunguzi wa namna hii unapaswa kuanzia, yaani kwenye ruta, kisha tufuate waya hatua kwa hatua kuelekea nje.

Ruta ilikuwa juu ya kabati la televisheni, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kama vifaa vingi vya heshima katika nyumba zetu. Nilikiondoa taratibu. Ilikuwa ruta ya kawaida yenye antena mbili na matundu matano nyuma, manne ya rangi moja na la tano la rangi tofauti, pembeni kidogo, limeandikwa WAN. Tundu hilo la tano ndilo mlango wa kuingilia intaneti, na waya uliomo ndani yake ndio unaosema ukweli. Nilimwita Mwalimu asogee, kwa sababu nilitaka aone mwenyewe. Kichwa cha waya kilikuwa cha plastiki angavu, kipana, na ukikitazama dhidi ya mwanga unahesabu nyaya nane ndogo za rangi zilizopangwa sambamba. Alizihesabu. Huo ni waya wa mtandao wa kawaida, wenye kichwa cha RJ45, na hauna uhusiano wowote na kioo.

Hesabu hiyo ya nyaya nane iliondoa aina kadhaa kwa mkupuo. Kama ingekuwa intaneti ya laini ya simu ya shaba, ile ADSL iliyoenea miji yetu kabla faiba haijafika mitaani, kichwa kingekuwa chembamba zaidi, chenye nyaya mbili tu zinazofanya kazi, na kingetoka kwenye kisanduku cha simu ya mezani. Kama ingekuwa ya kebo ya televisheni, waya ungekuwa mnene na wa duara, wenye sindano moja katikati na kichwa cha kukaza kwa kuzungusha. Kama ingekuwa ya kadi ya simu (SIM), tundu la WAN huenda lingekuwa tupu kabisa na mahali fulani kwenye ruta pangekuwa na kijidirisha cha kuwekea kadi. Niliigeuza, hapakuwa nacho. Na kama ingekuwa faiba, pale pale au karibu na hapo pangekuwa na kifaa chenye taa ya PON, inayoonyesha kwamba kimeunganika na mtandao wa faiba, na taa ya LOS, ambayo huwaka nyekundu mwanga usipofika, na waya mwembamba wenye kichwa cha kijani ungekuwa umeingia ndani yake. Hapa inafaa kuwa mwangalifu: kuna nyumba ambazo kifaa hicho cha faiba na ruta ni vitu viwili tofauti vilivyounganishwa kwa waya wa RJ45, kwa hiyo kuona RJ45 kwenye ruta peke yake hakutoshi kukana faiba. Ndiyo maana lazima waya ufuatwe hadi mwisho.

Tuliufuata. Ulishuka nyuma ya kabati, ukaingia kwenye kiboksi cheusi kinacholingana na kiberiti kikubwa, chenye matundu mawili na taa moja ndogo, nacho kimechomekwa kwenye ekstensheni. Upande wa pili wa kiboksi ulitoka waya mwingine wa aina ile ile, ukapanda kwenye kona ya ukuta, ukapenya dari. Kiboksi hicho ndicho kilichonipa nusu iliyobaki ya jibu. Kazi yake ni kusukuma umeme, mara nyingi volti 24, kupitia waya ule ule wa mtandao, ili ulishe kifaa kilichoko mbali ambako hakuna soketi. Faiba haihitaji kitu hicho, kwa sababu kioo hakibebi umeme. Ukikiona nyumbani kwako kati ya ruta na waya unaopanda juu, karibu kila mara kuna redio juu ya paa. Nilimtahadharisha Mwalimu, na ninarudia hapa, kwamba waya unaotoka upande huo wa umeme usichomekwe kwenye kompyuta, maana vifaa visivyotarajia volti hizo vinaweza kuungua.

Nikapanda ngazi. Juu ya bati kulikuwa na dishi mbili. Moja ilikuwa ya televisheni, kubwa, imeelekezwa juu sana, kama ilivyo kawaida hapa kwetu karibu na ikweta. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijivu, imefungwa kwenye bomba la chuma lenye urefu usiozidi mita moja, nayo haikutazama mbingu hata kidogo. Ilitazama ng'ambo ya bonde, sambamba na ardhi, kuelekea mnara uliokuwa kwenye kilima cha pili. Jirani aliyekuwa akituangalia aliuliza kama hiyo ndiyo intaneti ya setilaiti aliyosikia iko Kenya na Rwanda. Swali lake lilikuwa na mantiki, kwa kuwa huduma ya Starlink ilianza Rwanda na Kenya mwaka 2023 na watu wengi huiita dishi vile vile. Tofauti yake iko kwenye mwelekeo. Kifaa cha setilaiti lazima kione anga wazi, na cha redio ya ardhini lazima kione mnara. Tena setilaiti za zamani, zile zinazokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, hujitambulisha zenyewe kwa uchelewaji: ujumbe kwenda na kurudi hauwezi kuchukua chini ya milisekunde 480 hivi, kwa sababu mwanga wenyewe hauendi kasi zaidi ya hapo. Kwa Mwalimu uchelewaji wa kawaida ulikuwa milisekunde chache tu.

Kwa hiyo intaneti ya nyumba ile ilikuwa ya redio kutoka mnara hadi paa, kwenye masafa ya gigahezi 5. Kati ya dishi na mnara, hatua kama kumi na tano kutoka ukutani, ulisimama mwembe wa jirani uliokuwa umechipua majani mapya.

Nilifungua ukurasa wa redio kwa kutumia simu nikasoma nguvu ya mawimbi. Asubuhi ile ya jua ilikuwa -65 dBm, kipimo ambacho kadiri tarakimu inavyozidi kushuka chini ya sifuri ndivyo mawimbi yanavyozidi kuwa hafifu. Niliomba nirudi mvua ikinyesha, na siku tatu baadaye Mwalimu alinipigia mwenyewe kuniambia imeshaanza. Nilisoma tena: -84. Kipimo hiki kina mtego wake, kwa kuwa tofauti ya tarakimu 19 inaonekana ndogo, lakini kila 10 zikipungua nguvu inagawanywa kwa kumi. Kutoka -65 hadi -84 maana yake nguvu imeshuka karibu mara themanini. Watu wengi, mafundi wakiwemo, wangelaumu mvua. Kwa masafa haya, na kwa umbali wa kilomita moja au mbili, matone ya mvua yenyewe hula chini ya desibeli moja kwa kilomita, yaani karibu si kitu. Kinachokula mawimbi ni majani yaliyolowa. Urefu wa wimbi la gigahezi 5 ni takriban sentimita sita, na mwembe mzima uliojaa maji unakuwa ukuta mbele yake. Ndiyo maana intaneti haikurudi mara tu mvua ilipokatika. Ilisubiri majani yakauke. Mwalimu alikuwa ameliona hilo muda mrefu na akawaambia wa kwenye simu, ila kwa kuwa wao walikuwa wanafikiri faiba, taarifa hiyo muhimu kuliko zote haikuwa na mahali pa kuandikwa.

Kipimo kingine kilithibitisha mahali pa tatizo. Kwa amri ya ping nilituma ujumbe kwanza kwenye ruta yenyewe, 192.168.1.1, na majibu yalirudi kwa milisekunde 2 bila kuyumba. Kisha nikatuma kwenye anwani ya kwanza iliyo nje ya nyumba, inayoanza na 10, na hapo majibu yaliruka kutoka 6 hadi 140, mengine yakapotea kabisa. Maana yake waifai ya ndani ilikuwa nzima na kipande kinachougua ni kile cha kutoka paa hadi mnara. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu katika lugha yetu ya kila siku tunasema waifai imekata hata pale ambapo waifai haina kosa. Waifai ni ile safari fupi kati ya simu yako na ruta. Haijui na haijali kama nyuma ya ruta kuna kioo, shaba, redio au kadi ya simu. Jina lake huandikwa na yeyote anayeisanidi, hivyo kuandikwa faiba hapo hakuthibitishi zaidi ya maandishi ya basi yanayosema ni la kasi.

Ushahidi mwingine wa Mwalimu nao ulianguka mmoja baada ya mwingine. Kasi ya megabiti 20 haitambulishi aina yoyote, maana kasi hiyo inapatikana kwa redio, kwa kadi ya simu, hata kwa waya wa shaba kama nyumba iko karibu na kituo, kwani ADSL2+, toleo la baadaye la ADSL, ina uwezo wa kufika hadi megabiti 24. Kasi unayoipata ni ile uliyonunua, na kampuni huiwekea kikomo. Mjukuu naye alikuwa ameingia kwenye tovuti inayoonyesha anwani yako na jina la kampuni, akadhani jina hilo ni jibu. Tovuti hiyo inakwambia nani anakuuzia, haikwambii kwa njia gani. Vivyo hivyo neno PPPoE aliloliona kwenye mipangilio ya ruta: njia hiyo ya kuingia kwa jina na nywila hutumika kwenye shaba, kwenye faiba na kwenye redio pia.

Ilibaki risiti. Fundi wa kampuni alipokuja, wiki iliyofuata, nilimuuliza kwa nini kifurushi kina jina la faiba. Alisema bila kusita kwamba mnara wa ng'ambo unalishwa na faiba. Sidhani alikuwa anadanganya. Lakini kwa hoja hiyo kila intaneti ya jiji hili ni faiba: mikongo ya SEACOM na EASSy, yaani nyaya kubwa za faiba zinazopita chini ya bahari, ilifika pwani yetu mwaka 2009 na 2010, Mkongo wa Taifa unapita nchi nzima, na tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ya baharini ilipokatika waliyumba wote, mwenye dishi na mwenye kadi ya simu. Jina linalofaa kila kitu halimsaidii mteja kutambua chochote. Aina ya intaneti ya nyumba hutajwa kwa kipande cha mwisho, kile kinachovuka kutoka kwenye nguzo au mnara hadi kwenye ukuta wako, kwa kuwa hicho ndicho kinachougua peke yake na ndicho fundi anachokuja kukigusa.

Nao ule waya wa faiba ukutani? Niliufuata hadi kwenye nguzo ya barabarani. Ulikuwa umeviringwa na kufungwa kwa kamba ya plastiki, haujaingia kwenye kisanduku chochote. Mwalimu alikumbuka kwamba mpangaji wa awali aliwahi kuvutiwa laini na kampuni nyingine, akahama kabla haijaunganishwa. Hata hivyo nilimkataza mjukuu asichungulie ncha ile. Mwanga unaoshuka kwenye faiba za majumbani kwa kawaida una urefu wa wimbi wa nanomita 1490 na jicho haliuoni, hivyo mtu hawezi kujua kwa kutazama kama laini ni hai.

Kulikuwa bado na zile siku za jioni zisizo na mvua. Hizo zilinitatiza, kwa sababu nguvu ya mawimbi ilikuwa nzuri na mwembe ulikuwa mkavu. Nilikaa sebuleni hadi saa kumi na mbili na nusu. Ruta iliwaka, simu ilionyesha waifai imejaa, na ghafla hakuna kilichofunguka. Nikainama nyuma ya kabati: taa ya kiboksi cheusi imezimika. Dada wa nyumbani alikuwa amekichomoa kwenye ekstensheni ili apate nafasi ya pasi, kama alivyofanya karibu kila jioni alipopiga pasi sare za shule za wajukuu. Hakujua kile kiboksi ni cha nini, na hakuna aliyewahi kumwambia, kwa sababu hakuna aliyekijua. Kila mtu ndani ya nyumba aliamini intaneti inaingia kwa ule waya wa ukutani.

Safari hii Mwalimu alipopiga simu alisema anatumia redio ya juu ya paa, akataja mwembe, akataja tarakimu nilizomwandikia kwenye karatasi. Hakuulizwa habari za taa. Fundi aliyekuja alileta bomba refu zaidi, akaihamishia dishi kwenye jukwaa la tenki la maji, upande wa pili wa nyumba, ambako inauona mnara pembeni ya mti. Usomaji ukawa -61, na wakati wa mvua kubwa iliyofuata uliteremka hadi -63 tu. Jirani hakuombwa kukata tawi hata moja.

Nilipopita mwezi uliofuata, kitambaa cha maua kilikuwa kimerudi juu ya ruta. Kwenye kiboksi cheusi kulikuwa kumebandikwa kipande cha karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa zilizonyooka: UMEME WA DISHI. USICHOMOE. PASI ICHOMEKWE JIKONI.